Ukienda kupanda mawimbi ya Nile, ogopa maji yaliyotulia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwamanyili, wilayani Busega, mkoani Simiyu, alinipigia simu. "Shikamoo daktari," akaanza. Mimi ni tabibu tu, lakini kwetu kila anayevaa koti jeupe ni daktari, nami nimeshachoka kusahihisha. Baada ya habari za nyumbani akanieleza kwamba yeye na rafiki zake wanne wamechanga nauli ya kwenda Jinja, Uganda, wikendi ndefu inayokuja, wakacheze na kayaki kwenye mawimbi ya Mto Nile. Mmoja wao amewahi kufanya kazi huko na watembeza watalii, naye ndiye atakayewaongoza.

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilihusu mamba. La pili aliliuliza kama mtu ambaye tayari ana jibu: "Nimesikia huko kuna kichocho. Nikirudi Jumapili usiku nameza dawa moja kwa moja, si ndiyo?"

La mamba tulilimaliza kwa dakika moja. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa hahitaji kufundishwa kwamba mamba huotea kwenye maji matulivu, si kwenye maporomoko, na kwamba ugenini unaingia majini pale wenyeji wanapoingia. La pili, jibu lake ni hapana. Na kwa kuwa najua wengi wenu mngejibu kama yeye, leo tulizungumze hilo.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kayaki ni mtumbwi mdogo wa plastiki, mara nyingi wa mtu mmoja. Unaketi umenyoosha miguu mbele, kiunoni umevaa sketi ya mpira inayoziba tundu la kukalia ili maji yasiingie, mkononi una kafi lenye bapa pande zote mbili. Kichwani kofia ngumu, kifuani jaketi okozi.

Wimbi la ziwani tunalijua: linatoka mbali, linakuja, linakufa ufukweni. La mtoni halisafiri. Maji yanateremka kwa kasi juu ya mwamba, yanakutana na maji ya chini yake yaendayo polepole, yanajikusanya na kuinuka. Maji yanapita, wimbi linabaki palepale usiku na mchana. Mwenye kayaki huelekea kule maji yanakotoka, akateleza kwenye mteremko wa wimbi huku mkondo ukimrudisha juu. Akipatia, anakaa hapo bila kusogea, mto mzima ukipita chini yake. Sishangai vijana wanalipia nauli kwa ajili ya hilo.

Na maji yenyewe si mageni kwetu. Mito mingi huingia Ziwa Victoria, Simiyu na Mara ikiwamo, lakini unaotoka ni mmoja tu, nao ni Nile, pale Jinja. Maji ya Ghuba ya Speke tunayochota, kuoga na kuvulia samaki hayana mto mwingine wa kutokea. Mwaka 1862 Speke mwenyewe alifika kwenye maporomoko ya Ripon, ambayo baadaye yalifunikwa na bwawa la Owen Falls lililokamilika mwaka 1954. Likafuata la Bujagali mwaka 2012, kisha la Isimba mwaka 2019. Kila moja limemeza sehemu ya maporomoko, na wapenda kayaki wamelalamika sana. Yaliyobaki, kama Itanda na Kalagala, ndiyo yanayowavuta. Kwa mwanamichezo, bwawa ni wimbi lililopotea. Kwa tabibu lina maana nyingine: maji yaliyokuwa yakikimbia yametulia, na yanapotulia konokono hupata makazi.

Kichocho hakiambukizwi na povu. Mayai ya minyoo hutoka kwa binadamu mgonjwa kwa haja kubwa au ndogo, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono na kuzaliana humo. Kisha konokono hutoa vijidudu vipya kwa maelfu, hasa kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi alasiri, jua likiwa kali na watu wakiwa majini. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi yako. Havihitaji kidonda, wala havihitaji unywe maji. Dakika chache za ngozi kulowa zinatosha. Konokono huyo hawezi kung'ang'ania kwenye mkondo mkali. Anakaa pembeni, kwenye magugu, matope na maji yanayozunguka taratibu.

Sasa itazame siku ya mwenye kayaki. Juu ya wimbi anakaa dakika moja, mbili akiwa hodari, kisha linamtupa. Anapiga kafi hadi pembeni, nyuma ya mwamba, maji yalipotulia, anasubiri zamu. Asubuhi aliingilia kwenye majani, miguu peku, akiburuta kayaki. Kama ni mwanafunzi, alitumia saa nzima kwenye maji tulivu akijifunza kuinuka kayaki inapopinduka. Mchana walipumzika kando wakiogelea. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya siku yake imepita mahali asipopaogopa.

Hili si la kubuni. Mwaka 2007 watafiti walifuatilia watu waliokwenda kujiburudisha kwenye Nile ya juu nchini Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Emerging Infectious Diseases. Kati ya watu 69, 12 walikuwa na ushahidi wa maambukizi ya kichocho, yaani asilimia 17. Asilimia 18 walikuwa wamejimezea dawa mara tu baada ya kutoka majini, jambo ambalo watafiti walisema si sahihi. Ni hesabu ile ile ya kijana wangu wa Mwamanyili.

Kosa liko wapi? Dawa tunayotumia, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga inaponea. Kijidudu kikipenya ngozi Jumamosi, kinapita kwenye mapafu, kinafika kwenye mishipa ya ini, na kinahitaji wiki kadhaa kukomaa. Kumeza dawa Jumapili usiku ni kama kwenda na mundu jarubani siku ile ile uliyopandikiza mpunga. Baya zaidi, unajiambia umeshatibiwa, na miezi mitatu baadaye tumbo likikusumbua hutaitaja safari. Kipimo na dawa vingoje kama wiki 8 tangu mara ya mwisho ulipogusa maji hayo. Isipokuwa ukipata homa, kikohozi, vipele vinavyowasha au kuhara damu kabla ya hapo: usisubiri, nenda kituo cha afya, na useme wazi ulikuwa mtoni wapi na lini. Muuguzi asipojua kuhusu mto atapima malaria, akaishia hapo.

Kuna jambo linalotutofautisha sisi na watalii, na vitabu vya wasafiri hulipita haraka. Mgeni kutoka Ulaya akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi mwili wake hupiga kelele: homa kali baada ya wiki chache. Sisi tuliooga ziwani na kulima majarubani tangu utotoni, miili yetu mara nyingi hainyanyui hata kidole. Minyoo huishi miaka 3 hadi 10, pengine zaidi, ikitaga kimya kimya. Yule wa tumboni huharibu ini hadi mtu anatapika damu. Yule wa kibofu huleta damu kwenye mkojo, na kwa wanawake hudhuru via vya uzazi, mara nyingi wakitibiwa kwa miaka kama wenye magonjwa ya zinaa. Wakati nakua, mvulana aliyekojoa damu aliambiwa anabalehe. Wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Kwa hiyo kijana wa Busega asiseme "sikupata homa, niko salama". Wala asikimbilie kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, kwani mtu aliyewahi kuambukizwa zamani anaweza kuonekana ana ugonjwa hata kama ameshapona. Kwake kinafaa kipimo cha choo na cha mkojo. Mkojo upelekwe wa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Tena apime kabla ya kuondoka, siyo kurudi tu. Huenda kichocho anacho tayari, na akijisaidia kichakani kando ya mto atakuwa amekipeleka Jinja mwenyewe.

Akiwa huko, aingie majini penye mawe na mkondo, aepuke magugu, avae viatu, apumzike nchi kavu badala ya kukaa amelowa. Kujifuta kwa nguvu na taulo kunaweza kusaidia kidogo, lakini si kinga ya kutegemewa. Maji ya kuogea yaliyovutwa kutoka mtoni yawe yamechemshwa, au yamekaa kwenye tangi siku 2.

Nimesema mengi kuhusu maji matulivu, lakini sitaki mtu anielewe kwamba povu ni mchezo. Kichocho kinachukua miaka. Maji yakifunga pumzi ni dakika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Maporomoko hupangwa kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6, na pale Itanda hata waongozaji wazoefu huwashusha wageni na kuwatembeza pembeni kwa miguu kupita sehemu kali. Mwenzako akikucheka kwa kutembea, mwache acheke.

Ukitupwa nje ya kayaki, lala chali, miguu juu na mbele kuelekea maji yanakokwenda, uache jaketi likubebe. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, hata kama ni ya magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakuangusha na kukushikilia chini. Jaketi lifungwe vifungo vyote. Likivaliwa wazi kama koti la sherehe litatoka kichwani. Na bia ni za jioni, kayaki zikiwa zimeshafungwa.

Nikiwa darasa la 5, mtoto wa jirani yetu aliopolewa ziwani. Watu wazima, wenye nia njema kabisa, walimning'iniza kichwa chini, wakamzungusha, wakamkalia tumbo ili "maji yatoke". Muda ukapita. Sijui kama angepona, lakini baadaye, darasani, nilipofundishwa kinachotakiwa, nilitoka nje kidogo.

Aliyezama hahitaji kukamuliwa. Anahitaji hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni hadi uone kifua kinapanda. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha kama sentimita 5 kwa mtu mzima, haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Pumzi 2, kandamiza 30, endelea bila kuchoka huku mwingine akitafuta gari. Kukandamiza tumbo kunamtapisha, na matapishi huingia mapafuni. Akizinduka, bado apelekwe hospitali, hasa akikohoa au akihema kwa shida. Hali inaweza kubadilika saa kadhaa baadaye. Na kama ndiye bado yuko majini, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Wangapi tumewazika wawili kwa sababu wa pili aliruka kumwokoa wa kwanza?

Mengine ni mafupi. Bega huchomoka kirahisi mkono ukiwa juu ya kichwa wakati maji yanavuta kafi, hivyo viwiko viwe chini, karibu na mwili. Likichomoka, lifungwe na kitambaa kama lilivyo hadi hospitali, asitokee fundi wa kulivuta. Kadi ya homa ya manjano itaulizwa mpakani, na chanjo inahitaji siku 10 kabla ya kutambulika. Ukishachanjwa kadi ni ya maisha. Chandarua ni lazima, maana malaria ya Uganda haina likizo.

Nilipommalizia kijana yule haya yote, alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia ameandika tarehe kwenye simu: wiki 8 tangu Jumapili ya kurudi. Nikamsifu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini kusikia hapana, kama siku anazoingia kwenye majaruba ya baba yake nazo zinahesabiwa.

Zinahesabiwa. Alhamisi hii anakuja kupima kwanza, na nimemwambia aje na baba yake.