Sabuni ya Kunyolea Ndevu: Shahamu ya Ng'ombe au Mafuta ya Mimea?

Mwezi huu twataka kusema neno juu ya kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi za huku Marangu, nacho ni sabuni ya kunyolea ndevu. Labda wengine watacheka na kusema, "Sabuni ni sabuni, ya nini kuandika habari zake?" Walakini tumeona ya kuwa jambo hili limeanza kuleta maneno kati ya ndugu na ndugu. Wako wasemao kwamba sabuni ya kweli ni ile iliyopikwa kwa shahamu ya mnyama, na kwamba hizi za mafuta ya mimea ni povu tupu. Wako wengine wasiotaka kabisa shahamu iguse nyuso zao, hawa kwa ajili ya dini, wale kwa kuwahurumia wanyama. Tena wako vijana wanaosumbuliwa na vipele vya kidevuni, nao huacha sabuni hii na kushika ile kama mgonjwa azungukaye kwa waganga. Basi na tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza yafaa tujue sabuni ni nini. Si mafuta, wala si magadi, bali ni kitu cha tatu kizaliwacho na hivyo viwili. Mafuta yakipikwa pamoja na maji makali ya soda au ya potasi, huvunjika. Sehemu moja huwa gliserini, na sehemu ya pili, yaani asidi zilizokuwamo ndani ya mafuta, hushikana na ule ukali zikawa sabuni. Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyeyafunua mambo haya kwa uchunguzi mrefu, akayatoa katika kitabu mwaka 1823. Soda hufanya sabuni ngumu ya mche. Potasi hufanya sabuni laini. Wapikaji wa sabuni ya kunyolea hutumia aghalabu zote mbili, ili ishikike mkononi na tena iyeyuke upesi chini ya brashi.

Sasa tofauti ya shahamu na mafuta ya mimea imo katika zile asidi. Iko asidi iitwayo steariki, na nyingine iitwayo palmitiki. Hizi hufanya povu zito, la vitone vidogo vidogo, lisilokauka kabla mtu hajamaliza shavu la pili. Iko nyingine iitwayo lauriki, ambayo hufanya povu kubwa la haraka, lakini hutoweka kama umande, tena ikizidi hukausha ngozi. Shahamu ya ng'ombe ina steariki kama sehemu 20 katika 100, na palmitiki kama 25. Mafuta ya mawese yana palmitiki zaidi ya 40, lakini steariki kama 5 tu. Mafuta ya nazi ni karibu nusu lauriki, na steariki yake ni kama 3. Ndiyo sababu wapikaji wa Ulaya walikuwa wakiichukua shahamu kuwa msingi, wakaitilia nazi kidogo ili povu liamke upesi. Kwa hiyo wazee wasifuo shahamu hawasemi uongo.

Ila hawajasema yote. Steariki si mali ya ng'ombe peke yake. Siagi ya kakao, itokayo katika mbegu za kakao kama zile zilimwazo na ndugu zetu wa Kyela, ina steariki kama 35 katika 100, yaani yaipita shahamu. Tena viwandani watu huitoa steariki katika mawese, wakaiongeza wapendavyo katika chungu cha sabuni. Mafuta ya nyonyo nayo yakitiwa kidogo, husaidia povu likae na maji yake. Basi sabuni ya mimea iliyopikwa na fundi ajuaye hesabu zake huishinda sabuni ya shahamu iliyopikwa ovyo. Nasi, tukiulizwa hukumu yetu, twasema hivi: mtazameni mpishi kabla ya kumtazama ng'ombe.

Kuna maneno yanayozungushwa siku hizi kwamba shahamu ya ng'ombe yafanana na mafuta ya ngozi ya mwanadamu, kwa hiyo ni dawa. Wenye kusema hivyo wasahau kwamba shahamu ikiisha kuwa sabuni si shahamu tena. Kisichogeuka ni kile kidogo tu ambacho mpishi alikizidisha kwa makusudi. Sabuni yo yote ya kweli, ya ng'ombe au ya nazi, ina ukali kidogo juu ya ngozi, na ajioshaye hana budi kuisuuza vema.

Sasa twaja kwenye jambo lenye uzito. Katika nyumba nyingi za mlimani ingaliko desturi ya kunyoa baada ya matanga. Ndugu hukutana uani, mtu mmoja ashika wembe, na beseni moja la povu hupita kwa wote. Na nani asiyejua ya kuwa ukoo mmoja wa Kichaga una Walutheri, na Wakatoliki, na Waislamu, na pengine Waadventista? Nguruwe hufugwa katika vihamba vingi, na mafuta yake ni rahisi kupatikana. Mtu akipika sabuni kwa mafuta hayo akaileta matangani pasipo kusema, amemwekea shemeji yake Mwislamu kitu kizito usoni siku ya msiba. Tujue pia kwamba wanavyuoni wao hawana neno moja katika hili. Wale wa madhehebu ya Hanafi husema kitu najisi kikigeuka kabisa, kama mafuta yageukavyo sabuni, kimetoharika. Wale wa Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu na Unguja, hawakubali hivyo. Si kazi yetu kuamua kati yao. Kazi ya mwenye nyumba ni kumwambia mgeni kilichomo, ili achague mwenyewe.

Wala asifikiri mtu kwamba hayo ni mambo madogo. Mwaka 1857 kule Bara Hindi zilienea habari kwamba risasi mpya za askari zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, nao walipaswa kuzifungua kwa meno. Wahindu na Waislamu wote walichukizwa. Zilikuwako sababu nyingine nyingi za chuki, lakini neno la mafuta ndilo lililowasha moto, na vita ile ikaua watu wengi sana.

Mwenye kununua dukani na asome karatasi. Akiona neno "tallowate", hiyo ni shahamu, ya ng'ombe au ya kondoo. "Lardate" ni nguruwe. "Palmate" ni mawese. "Cocoate" ni nazi. Neno "stearic acid" halisemi asili yake, maana hiyo yaweza kutoka kwa mnyama au kwa mmea. Ndugu mwenye dhamiri nyepesi atafute sabuni ambayo mpishi wake ametamka wazi kwamba ni ya mimea tupu.

Nchi za Ulaya nazo zilipatwa na mashaka ya namna nyingine. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe huenda umewaingia watu kwa chakula. Tangu miaka ile watu wengi waliingiwa na hofu ya kila kitokacho kwa ng'ombe, na baadhi ya viwanda vya zamani vya sabuni za kunyolea vikaiacha shahamu, vikashika mawese. Wako wanunuzi wanaonung'unika hata leo kwamba povu si lile la babu zao.

Lakini tusidhani kwamba mafuta ya mimea hayana doa. Mwingereza William Lever alipotaka mawese ya sabuni zake, alipata nchi kubwa katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1911, na mahali pake pakuu pakaitwa Leverville. Huko Waafrika wengi walikwezwa michikichini kwa kulazimishwa. Na siku hizi zaidi ya sehemu 80 katika 100 za mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mikubwa imekatwa kwa ajili ya mashamba. Mwenye kukataa shahamu kwa kumhurumia ng'ombe, na aulize pia mti ule ulipandwa mahali pa nini. Mawese ya Kigoma na nazi za Mafia zipo karibu zaidi nasi.

Tukirudi kwa vijana wenye vipele: hapa twaomba watusikilize. Nywele zetu zimejipinda. Zikikatwa fupi mno, ncha kali hujikunja, hurudi ndani ya ngozi, na ngozi huvimba kana kwamba imechomwa na mwiba. Sabuni ya shahamu haiponyi jambo hili, wala ya nazi. Kinachosaidia ni kulowesha ndevu kwa maji ya moto kiasi, kuacha povu likae dakika chache, kunyoa kwa kufuata nywele zilalavyo, na kutoivuta ngozi. Mwenye vipele vingi heri aache ndevu fupi kwa mashine kuliko kutafuta kidevu cha kung'aa kama kioo. Na kila mtu awe na wembe wake, hata matangani, kwa sababu damu isiyoonekana kwa macho yaweza kuchukua virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji yashukayo kutoka msituni katika mifereji yetu ni laini, na povu huja kwa kugusa tu. Mtu akishuka kwenye visima vyenye maji magumu huko tambarare, sabuni ile ile huganda kama maziwa yaliyochacha, naye huilaumu bure.

Kwa wale wapendao kupika wenyewe: majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi, na watu wa Afrika ya Magharibi huyatumia kwa sabuni yao nyeusi. Migomba si haba kwetu. Ila maji ya majivu hayana kipimo cha hakika. Leo ni dhaifu, kesho ni makali, na uso si mahali pa kujaribia. Basi na waanze kwa sabuni ya kufulia. Atakaye ya uso anunue kostiki iliyopimwa, apime na mafuta kwa mizani, avae miwani na mipira ya mikono, awaweke watoto mbali, na amimine kostiki katika maji, asimimine maji juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka na kuruka machoni. Shahamu iyeyushwe kwanza pamoja na maji na chumvi, ichujwe kwa kitambaa, iachwe igande, ili harufu ya nyama iondoke. Na sabuni ikiisha kukatwa miche ikae penye hewa majuma manne hadi sita kabla haijatiwa brashi.