Benzi ya 2004 au ya 2007? Fungua Boneti Kwanza

Huenda wewe ni miongoni mwa wale ambao tangu utotoni wamekuwa wakijiahidi kwamba siku moja, Mungu akipenda, watamiliki Mercedes-Benz. Si kosa. Gari hili ndilo lililotupatia hata neno Wabenzi, yaani wale wakubwa waliojinyakulia vinono baada ya uhuru, na mpaka leo anayeshuka kwenye Benzi hufunguliwa lango upesi kuliko anayeshuka kwenye matatu.

Siku hizi ndoto hiyo si ya waziri peke yake. Ile Benzi ya E-Class yenye taa nne za mviringo usoni, ambayo mafundi huiita W211 na ambayo saluni yake ilitengenezwa kati ya 2002 na 2009, imezeeka kiasi cha kuweza kununuliwa na mwalimu au karani aliyeweka akiba yake kwa nidhamu. Huwezi kuiagiza kutoka Japani wala Uingereza tena, kwani sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Utainunua papa hapa nchini, kutoka kwa mwenyewe wa tatu au wa nne. Hapo ndipo mume na mke huanza kubishana mezani: je, tuchukue E240 ya 2004 au tuongeze pesa kidogo tupate E280 ya 2007?

Wakala wa magari atakwambia uchukue ya 2007 kwa kuwa ni changa kwa miaka mitatu. Fundi wa mtaani naye atatikisa kichwa na kusema, "Mzee, injini ya ile ya zamani haifi." Jambo la ajabu ni kwamba wote wawili wanasema kweli, lakini kila mmoja anasema nusu tu. Kila mojawapo ya magari haya mawili ina ugonjwa wake, na magonjwa yenyewe hayalingani kwa hatari.

BREKI ZA KOMPYUTA

Tuanze na ile ya 2004. Wanafunzi wa shule za upili wamechora mchoro wa breki katika somo la fizikia: mguu unakanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa ndani ya mabomba, nayo magurudumu yote manne yanabanwa. W211 za mwanzo hazifanyi hivyo. Mercedes-Benz, ikishirikiana na kampuni ya Bosch, ilizitia mtambo unaoitwa SBC. Unapokanyaga pedali unapeleka ujumbe tu kwa kompyuta. Pampu ya umeme imekwisha kuweka mafuta tayari kwa shinikizo kubwa, nayo kompyuta huamua kila gurudumu lipewe kiasi gani. Mvua ikinyesha, mtambo huo huzigusisha breki kidogo kila mara ili kukausha maji, na dereva hata hahisi.

Ulikuwa ufundi wa kupendeza, na ulimtia mwenyewe hasara. Mnamo Mei 2004 kampuni iliyaita magari yapatayo 680,000 yarudi kukaguliwa breki hizo. Machi 2005 ikayaita tena magari milioni 1.3 kwa hitilafu mbalimbali, nazo breki hizo zikiwa miongoni mwazo. Katikati ya 2006, E-Class ilipopambwa upya kwa uso na taa za nyuma tofauti kidogo, SBC iliondolewa na breki za kawaida zikarudishwa. Ni nadra kiwanda kikubwa namna hiyo kurudi nyuma hadharani, na kwa maoni yangu hilo peke yake lingetosha kumfanya mnunuzi afikiri mara mbili.

Sasa sikiliza kinachokuhusu wewe wa leo. Pampu ya SBC huhesabu jinsi inavyotumika. Hesabu ikifika kikomo kilichowekwa, dashibodi huandika kwamba breki zinahitaji gereji, na dawa iliyokusudiwa ni kubadilisha pampu nzima, kitu ambacho hakinunuliwi kwa pesa za mfukoni. Mtambo ukifa kabisa, gari halikosi breki moja kwa moja, ila pedali huzama mbali, inataka nguvu za mguu wako wote, na magurudumu ya mbele peke yake ndiyo yanayoshika. Hebu jifikirie ukiteremka Mai Mahiu Jumapili jioni, watoto watatu nyuma, nyanya yao kando yako, gunia la viazi ndani ya buti na lori mbele yako.

Kuna hila ambayo inafaa uijue kabla hujatoa hata shilingi. Mtu mwenye kompyuta ifaayo anaweza kuirudisha hesabu ya pampu kwenye sifuri pasipo kubadilisha chochote. Ujumbe hutoweka na pampu inabaki kuukuu vilevile. Ukiuliza, utajibiwa kwa upole, "Mama, hiyo ilikuwa sensa tu, nimeshaitoa." Usibishane naye. Omba risiti ya pampu yenye tarehe na namba ya gari. Kama hakuna risiti, chukulia kwamba hakuna pampu mpya.

Je, utajuaje kama gari unaloonyeshwa lina SBC, hasa likiwa la 2006, mwaka ambao aina zote mbili zilitoka? Fungua boneti utazame nyuma kabisa ya injini, upande wa dereva. Breki za kawaida zina ngoma kubwa nyeusi ya bati, mfano wa sufuria iliyolazwa ubavu, na kichupa cha mafuta ya breki kimekaa mbele yake. Kwenye SBC ngoma hiyo haipo. Njia nyingine ni kuyatumia masikio. Gari likiwa limelala kimya, fungua mlango wa dereva, na mara nyingi utasikia pampu ikivuma kidogo, kama friji inayoamka.

Mlango huo huo umewahi kuwaponza mafundi. Mtambo ukiamka, hubana breki hata kama injini imezimwa. Fundi anayebadilisha pedi bila kwanza kuuzima kwa kompyuta anaweza kubanwa vidole kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kwa hiyo ukiwa na gari hili, usimwachie kijana wa gereji ya kando ya barabara akubadilishie pedi huku wewe ukiwasha redio.

MENO YALIYOLIKA

Basi, utasema, mjadala umekwisha, tuchukue ya 2007. Polepole. E240 ya 2004 ina injini ya V6 ya lita 2.6, aina ya M112, ambayo ukiibadilishia mafuta kwa wakati hukaa miaka na miaka. E280 ina injini ya lita 3.0, aina ya M272, yenye nguvu za farasi 231 dhidi ya 177 za mwenzake. Ndani ya tumbo la M272 mna shafti ya kupunguza mtetemo, na gia ya shafti hiyo katika injini za mwanzo ilitengenezwa kwa chuma kisichostahimili. Meno yake hulika polepole, majira ya injini hupotoka, taa ya injini huwaka. Gia yenyewe ni kitu kidogo, lakini kuifikia ni lazima injini ishushwe na kufunguliwa yote. Kazi hiyo huwafanya wengi walifunike gari kwa turubai.

Bahati nzuri, ugonjwa huu una mpaka unaoweza kuusoma bila kuchafua mikono. Chukua logibuku utafute namba ya injini. Tarakimu tatu za kwanza zinataja aina: 112 ni ile ya zamani, 272 ndiyo tunayoizungumzia, na 271 ni ya E200 yenye silinda nne, ambayo cheni yake ya taiming hulegea ikizeeka. Ukiona 272, angalia tarakimu sita za mwisho. Zikiwa chini ya 468993, injini hiyo ni ya kundi lenye gia dhaifu. Zikizidi hapo, gia yake ni ile iliyorekebishwa. Kisha ilinganishe namba ya karatasini na ile iliyochongwa kwenye injini yenyewe, maana injini hubadilishwa kama viatu.

Ningekuwa mimi, ningechagua lile lililotengenezwa baada ya katikati ya 2006, lenye breki za kawaida, na namba ya injini iliyovuka mpaka huo. Injini mbovu itakuacha kando ya barabara ukipiga simu. Breki mbovu hazikuachi kando ya barabara. Kama uliyempenda ni E240 ya 2004 iliyotunzwa na mzee mmoja mstaafu, yenye risiti zote, siwezi kukuzuia, bora bei ya pampu uiondoe kwenye bei ya gari siku hiyo hiyo ya mapatano na uiweke benki.

Kuhusu viti vya ngozi, rangi na redio, hayo yazungumzeni nyumbani.

Kabla ya kulipa arubuni, mwombe mwenye gari mlipeleke pamoja kwenye gereji yenye kompyuta ya Mercedes, na gharama uilipe wewe. Kagua breki, kagua injini, na kama gari linabebwa kwa mifuko ya hewa badala ya springi, liache limesimama usiku kucha uone kama litainama asubuhi. Muuzaji akikataa kwenda gereji, mrudishie funguo, mshukuru, upande matatu urudi nyumbani.