Kwenda saa 15, kurudi saa 14

Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ratiba ilitaja saa 15 hivi za kwenda na 14 za kurudi. Njia si ile ile?

Tuanze na umbali. Chukua tufe la dunia, shikilia uzi Nairobi, uvute mpaka ukaze New York. Uzi hautakwenda kule ramani ya ukutani inakokuelekeza, yaani kutokea Mauritania na kukata bahari. Utapanda juu ya Chad na Sahara, na katikati kabisa ya safari utakuwa karibu na Marrakech, Morocco. Huo ndio mkato wa kweli, kilomita 11,800 na ushei.

Boeing 787 ikiwa angani hukaribia kilomita 900 kwa saa. Gawanya: unapata saa 13 na dakika chache. Zilizobaki huliwa kidogo kidogo. Ratiba huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka langoni hadi inapoegeshwa, kwa hiyo foleni ya kuruka imo humo. Marubani nao hawafuati uzi. Hukwepa mawingu ya radi na anga za nchi zenye vita.

Mlaji mkubwa ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, hupita mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine huzidi kilomita 200 kwa saa. Wa kwenda New York anaupokea usoni, wa kurudi unamsukuma mgongoni. Wapo wanaobisha kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, hivyo New York ingepaswa kumfuata abiria njiani. Lakini hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Nzi aliyemo ndani ya basi hafiki nyuma haraka zaidi eti kwa kuwa basi linakwenda mbele.

Nairobi ina shida yake pia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Baridi ya usiku huifanya hewa iwe nzito kidogo, na mabawa na injini hupata cha kushika. Kuondoka usiku kunasaidia.

Tiketi ndiyo huwachanganya wengi. Ukiondoka saa tano na nusu usiku wakati wa baridi ya Marekani, unatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi: kwa macho, saa saba tu. Nane nyingine zimefichwa na tofauti ya majira. Unapanga foleni ya uhamiaji alfajiri, nalo tumbo, ambalo halijabadilisha saa, linadai chakula cha mchana.