Lugha ya Kompyuta Isiyouzwa

Mnamo Novemba 2023, Zanzibar ilipokea mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wa Django, zana ya kujengea tovuti iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991.

Funzo kubwa la mkutano huo ni kwamba zana hizo hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani. Yeyote aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Kwa hiyo kijana wa Igogo, Mwanza, aweza kuunda programu ya kutunza hesabu za sangara na dagaa mwaloni bila kununua leseni.

Kikwazo ni kwamba amri za Python ni maneno ya Kiingereza. Yafaa basi walimu wetu wazifafanue kwa Kiswahili, ili tuwe watungaji, si watumiaji tu.