Je, Wajua? Utrecht kwa Baiskeli, Watoto Wakiwa Mbele

Je, wajua kwamba chini ya stesheni kuu ya treni ya Utrecht, nchini Uholanzi, zinaegeshwa baiskeli 12,500? Maegesho hayo ya ghorofa tatu yalipokamilika mwaka 2019 yalikuwa makubwa kuliko yote duniani. Mtu hashuki mlangoni. Anaingia huku anakanyaga pedeli, anafuata mishale mpaka aone nafasi, na saa 24 za kwanza halipi chochote.

Kwa familia inayoshuka kwenye treni, mji huu unaanzia hapo. Maduka ya kukodisha yana baiskeli za kila kimo, pamoja na zile zenye sanduku kubwa mbele ambamo watoto wawili au watatu huketi na kufungwa mikanda. Jambo moja la kujua kabla ya kuondoka: baiskeli nyingi za Kiholanzi husimama kwa kurudisha pedeli nyuma, na nyingine hazina breki ya mkono. Jizoeze kwanza mahali pasipo na watu.

Ukiwaona watoto wa shule wakipita wenyewe kwenye njia zao za lami nyekundu, ni rahisi kudhani Waholanzi walizaliwa hivyo. Sivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake aligongwa na gari akafa, aliandika makala iliyozaa vuguvugu la Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Wazazi waliingia barabarani na watoto wao, wakafunga mitaa ili watoto wapate kucheza, wakadai njia salama. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaonja barabara tulivu. Njia unazopita leo na mwanao zilidaiwa na wazazi waliokwisha kuzika. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza kumweleza mtoto, kabla ya majumba na makumbusho.

Utrecht yenyewe iliwahi kupotea njia. Mfereji unaouzunguka mji wa kale umekuwapo kwa takribani miaka 900, lakini miaka ya 1970 sehemu yake ilifukiwa na kugeuzwa barabara kuu ya magari. Wakazi walipiga kura mwaka 2002, barabara ikafumuliwa, na Septemba 2020 maji yakarudi. Leo unaweza kuuzunguka mji wote wa kale kando ya maji, chini ya miti, na bata ndio wanaokatiza njia.

Je, wajua kwamba kuna shule mjini humo ambayo waendesha baiskeli hupita juu ya paa lake? Njia inayopanda kwenye daraja la Dafne Schippers, lililofunguliwa mwaka 2017, inajipinda juu ya jengo la shule kisha inavuka mfereji mpana wa meli. Aliyepewa heshima ya jina hilo ni mkimbiaji mzaliwa wa Utrecht, bingwa wa dunia wa mita 200 mwaka 2015 na 2017. Wapandishe watoto juu ya daraja, wazione meli za mizigo zikipita chini yao.

Wadogo zaidi watamtafuta Nijntje, yule sungura mweupe wa vitabu vya watoto mwenye mdomo wa alama ya msalaba, anayefahamika kwingine kwa jina la Miffy. Msanii Dick Bruna alimchora mara ya kwanza mwaka 1955, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa baiskeli katika mitaa ya Utrecht. Katikati ya mji zipo taa za barabarani zenye umbo la Nijntje, na mbele ya taa hizo mtoto hana haraka ya kuvuka.

Mbio za baiskeli za Tour de France za mwaka 2015 zilianzia Utrecht, na mshindi wake alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Katika mbio hizo hizo Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima.

Siku ya kuchagua ni Jumamosi. Katika mtaa wa Breedstraat kuna soko la vitambaa lenye umri wa zaidi ya miaka 400, na nadhani hakuna mama wa pwani yetu atakayelipita bila kushuka kwenye baiskeli. Kisha nendeni kwenye mfereji wa Oudegracht, wenye vyumba vya zamani vya kuhifadhia bidhaa usawa wa maji, ambavyo siku hizi ni mikahawa. Kwenye mawe ya barabara ya hapo linaandikwa shairi lisilo na mwisho: kila Jumamosi fundi huchonga na kuweka herufi moja tu. Kwa mwaka zinapatikana herufi kama 52. Mtoto akirudi baada ya miaka kumi atakuta mistari michache imeongezeka, na huenda washairi wake wakawa wengine kabisa.

Mfereji wa Oudegracht una lango la maji liitwalo Weerdsluis, na hapo pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Majira ya kuchipua samaki husafiri kutafuta pa kuzalia, lakini wakati huo mashua ni chache na lango hukaa limefungwa. Tangu mwaka 2021 imewekwa kamera chini ya maji, na picha zake zinaonekana moja kwa moja kwenye intaneti. Anayeona samaki anabonyeza kengele, na mlinzi wa lango akiona wamekusanyika huwafungulia. Kengele hiyo inabonyezwa kutoka popote, kwa hiyo mtoto aliye Tanga au Bukavu anaweza kuanza kuwasaidia samaki wa Utrecht Machi ijayo, hata kabla ya safari.