Kantata 600, Wanamuziki Watatu

Alessandro Scarlatti, mzaliwa wa Palermo mwaka 1660 aliyefia Napoli mwaka 1725, aliacha kantata zaidi ya 600. Nyingi hazikutungwa kwa ajili ya kanisa bali kwa kumbi za makardinali na mabwana wa Roma na Napoli, nao, makardinali wakiwemo, walipenda kusikia habari za mapenzi, wivu na kuachwa. Kuzipiga hakuhitaji kundi kubwa: mwimbaji mmoja, mpiga hapsikodi na mpiga selo. Opera ya wakati ule ilitaka waimbaji kadhaa, okestra, mavazi na mitambo ya jukwaani. Ajabu ni kwamba muziki huu wa gharama ndogo ndio uliosahaulika zaidi.

Fedha haziliwi jukwaani, zinaliwa mezani kwa mhariri. Karibu kantata zote hizi zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Ukifungua ukurasa mmoja, utakuta sauti imeandikwa kwa ufunguo wa zamani usiozoeleka leo, na hapsikodi imepewa mstari wa besi tu, wenye tarakimu kama 6, 7, au 4 ikifuatiwa na 3. Tarakimu hizo humdokezea mpigaji ni sauti zipi aongeze kwa mkono wa kulia. Mara nyingi mnakili hakujisumbua kuziandika. Nakala mbili zikipishana, mhariri ndiye hakimu.

Tupige hesabu ya makadirio. Mhariri akimaliza kantata moja kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, zote 600 zitamla miaka 12, na posho yake italipwa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Kila moja ikichukua dakika 10, jumla ni saa 100, yaani CD 80 za dakika 75.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba karatasi zenyewe ziko mkononi. Za Vivaldi, mtunzi mwingine wa Italia wa zama hizo, ilibidi kwanza zinunuliwe. Mwaka 1926 chuo cha Wasalesiani huko Piemonte, kikisaka fedha za ukarabati, kiliamua kuuza juzuu 97 za muziki. 14 zilikuwa za Vivaldi. Maktaba ya Taifa ya Torino haikuwa na uwezo. Dalali wa hisa, Roberto Foà, alizilipia mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyefariki akiwa mdogo. Ikabainika kwamba hiyo ilikuwa nusu tu ya mkusanyiko. Nusu nyingine ilikuwa Genova kwa ukoo wa Durazzo. Mwaka 1930 mwenye kiwanda cha nguo, Filippo Giordano, naye aliyefiwa na mtoto, akaigharamia. Jumla: juzuu 27 za Vivaldi, kazi zipatazo 450.

Uchapishaji wa kazi za vyombo za Vivaldi ulianza mwaka 1947 na kuisha 1972. Konseto zina wanunuzi. Kantata zikawekwa foleni. Mradi wa kurekodi hazina nzima ya Torino ulianza mwaka 2000, miaka 70 baada ya Giordano kulipa.