Waifai ilipotoroka, nusura nimmwagie mwalimu unga!

HIVI msomaji wangu, umewahi kulala na kitu kizima ukaamka nacho kibovu, na usiku kucha hakuna mtu aliyekigusa? Basi mwenzio yalinikuta. Nilikuwa na laptopu inayong'ang'ania waifai kama kupe. Asubuhi yake ikawa haijui hata waifai ni mdudu gani! Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, siku ambayo ajira ya mtoto wa watu ilikuwa mikononi mwangu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana kisa hiki kina faida kwa kila kijana mwenye laptopu ya mtumba.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, chuo sikubahatika. Naishi chumba cha kupanga pale Mwananyamala. Mbali na makala hizi, napata vijisenti vya kusukumia siku kwa kuwaandikia watu CV, kuwaskania vyeti na kuwatumia maombi ya kazi. Ofisi yangu ni meza moja, skana moja na laptopu niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika na wenzetu huko majuu. Intaneti naipata kwenye simu: nawasha hotspoti, laptopu inadaka waifai, kazi inaendelea.

Ilipokuja ilikuwa na Windows, ikawa inakohoa kama mzee mwenye pumu. Mshikaji wangu mmoja akaniwekea Linux aina ya Ubuntu, toleo namba 22.04, maana yake la mwaka 2022 mwezi wa nne. Ikawa nyepesi, na sikulipa hata senti tano.

Kwa wasioijua, Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Ubuntu ikaja Oktoba 2004, mwanzilishi wake akiwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hata jina ni la kwetu Waafrika. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu kabisa wa neno letu utu.

Sasa na mimi kwa sifa! Nyumba ya pili yangu anakaa mrembo mmoja anayesoma chuo mambo ya kompyuta. Kila akipita kibarazani nageuza kioo ili aone. "Unajua dada, mimi Windows nilishaachana nayo zamani. Mimi ni mtu wa Linux," namwambia. Yeye anatabasamu tu, anapita zake. Kumbe mwenzangu ananisoma.

PATASHIKA LINAANZA

Alhamisi ile alikuja dada mmoja wa mtaa wa pili. Ni mwalimu, kamaliza chuo miaka mitatu iliyopita na ajira bado anaisikia redioni. Simu yake kubwa ilikuwa imepasuka kioo, amebaki na kitochi. Akaniachia vyeti vyake nivisikani, nimwandikie barua, nimtumie maombi kwenye mfumo wa ajira serikalini. Mwisho ilikuwa Ijumaa, saa 5:59 usiku.

Nikaskani kila kitu usiku huohuo. Akavichukua vyeti vyake akaondoka. Nikajisemea kutuma ni kesho, hakuna haraka. Ndugu zangu, haraka haina baraka, lakini na uvivu nao hauna!

Nilipobakiwa na bando la usiku, nikaona nisiliache liishe bure. Laptopu ilikuwa imenililia siku nyingi kwamba inataka kuapdeti, nami naikwepa kwa sababu ya gharama. Nikaikubalia. Ikashusha mizigo yake mpaka saa nane, nikaizima, nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi nawasha, naangalia pale juu kulia penye alama ya waifai, hakuna! Si kwamba imekatika, la hasha. Alama yenyewe haipo. Naingia kwenye mipangilio, naambiwa hakuna adapta ya waifai iliyoonekana. Nikazima nikawasha. Nikawasha nikazima. Nikaipuliza vumbi. Nikaibembeleza kwa majina yote mazuri. Wapi!

Saa sita mchana nikaitia kwenye begi, nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja. Akaiangalia dakika tano, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Kadi ya waifai imekufa kaka. Nipe elfu 85, nakuwekea kadi nyingine na nakupigia Windows. Hii Linux ndiyo inayoua vifaa. Ila vitu vyako vyote vitafutika."

Mfukoni nilikuwa na elfu 90, zote za mwenye nyumba. Na ndani ya laptopu mna vyeti vya mwalimu. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwa fundi. Mimi ilikuwa imenibakia sentensi moja tu kutoka mdomoni: "Haya fundi, fanya."

Mara simu ikaita. Mwalimu huyo! "Mdogo wangu, umeshatuma?"

"Ipo njiani dada," nikamjibu, huku jasho linanitoka. Nikawa mdogo kama piritoni. Sijui ni uongo ule au ni kodi ya watu, lakini nilimnyang'anya fundi laptopu yangu nikarudi nyumbani bila kuaga vizuri.

MREMBO AULIZA SWALI MOJA

Saa 3 usiku nimekaa kibarazani, shavu mkononi. Jirani akatokea, katoka dukani na mkate. "Vipi kaka mtu wa Linux, mbona umenuna?"

Nikaona leo sifa niziweke pembeni. Nikamweleza yote, mpaka ule uongo wa simu. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Kabla haijaharibika, mara ya mwisho uliifanya nini?"

"Niliiapdeti."

"Basi kadi yako haijafa. Izime, uiwashe tena, na ikianza tu kuwaka shikilia kitufe cha Shift."

Nikafanya hivyo. Ikaja listi ambayo sijawahi kuiona tangu niinunue. Akanionyesha mstari ulioandikwa "Advanced options for Ubuntu". Ndani yake kulikuwa na keneli mbili, ya juu mpya, ya chini ya zamani. Akachagua ya zamani, ile isiyo na maneno "recovery mode". Laptopu ikawaka. Msomaji wangu, wallahi, alama ya waifai hii hapa! Nikawasha hotspoti, ikadaka kama haijawahi kuugua.

Maombi ya mwalimu yalikwenda saa 4:20 usiku. Nilipompigia kumwambia, nilimwambia na ukweli wangu wa mchana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine niambie mapema mdogo wangu, ningetafuta kwingine." Maneno hayo yaliniuma kuliko angenitukana.

Najua wajanja mtaniuliza, kwa nini sikuvitoa vyeti kwa flashi nikavitumia kwenye intaneti kafe? Hata jirani aliniuliza hivyohivyo. Jibu sina. Kichwa kikishapata moto, akili inakwenda likizo.

KUMBE DEREVA ALIKUWA DEIWAKA!

Kesho yake jirani alikuja kuimalizia kazi, na hapo ndipo nilipopata darasa. Nitawagawia kama nilivyolielewa.

Keneli ni moyo wa Linux, ndiyo inayoongea na vifaa vyote vya ndani. Chukulia kwamba ni bosi mwenye daladala. Kadi ya waifai ni gari, na draiva ni dereva wake. Kadi nyingi, kama zile za Intel, madereva wao wameajiriwa na bosi mwenyewe: bosi akibadilika, wanakuja naye. Lakini kadi yangu ni Broadcom, na kwa aina yangu dereva anayetumika ni yule wa kampuni, anayekaa nje ya keneli. Yeye ni deiwaka. Kila akija bosi mpya ni lazima aandikiwe barua mpya ya kazi, la sivyo gari halitoki stendi.

Barua hiyo inaandikwa na programu iitwayo DKMS. Kila ukiapdeti na keneli mpya ikaingia, DKMS inamtengeneza dereva upya aendane na bosi mpya, wewe huna habari. Lakini ili iandike inahitaji karatasi, na karatasi zenyewe ni mafaili yanayoitwa "linux-headers".

Jirani akatafuta hayo mafaili kwenye laptopu yangu. Hayapo! Akanigeukia. "Nani kayafuta?"

Hapo nikakumbuka. Miezi miwili nyuma diski ilikuwa imejaa muvi na miziki. Nikatafuta vya kupunguza, nikakutana na vitu vinaitwa linux-headers. Nikasema hivi vya nini, mbona sijawahi kuvifungua? Nikavifuta, muvi nikaziacha. Waifai ikaendelea kufanya kazi kwa sababu dereva wa keneli ile alikuwa ameshatengenezwa. Alipokuja bosi mpya usiku wa Alhamisi, hapakuwa na karatasi ya kumwandikia deiwaka barua.

Kwa hiyo aliyeua waifai si kampuni, si Linux, wala si apdeti. Ni mimi hapa na muvi zangu!

YAKIKUKUTA, FANYA HIVI

Kwanza, hakikisha hujaifunga mwenyewe. Kwenye tamino andika "rfkill list". Ukiona "Soft blocked: yes" kwenye waifai, andika "rfkill unblock wifi". Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi au kitufe cha ndege kwenye laptopu yenyewe.

Pili, kama imepotea mara baada ya kuapdeti, rudi keneli ya zamani kama nilivyoonyeshwa. Washa, shikilia Shift. Laptopu nyingine zinataka ubonyeze Esc. Waifai ikirudi, ujue kadi ni nzima na hela yako kaa nayo.

Tatu, ijue kadi yako. Andika "lspci -nnk", tafuta mstari wenye "Network controller". Chini yake, kama dereva yupo kazini, utaona maneno "Kernel driver in use". Yasipokuwepo, gari halina dereva. Kadi ya kuchomeka kwenye USB haionekani hapo, hiyo itafute kwa "lsusb".

Nne, kama keneli ya zamani haipo, usilie. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Ubuntu inaipokea kama waya wa mtandao wa kawaida, haihitaji waifai. Mimi nilikuwa na waya huo siku nzima, nauchajia simu tu!

Tano, ukiwa kwenye keneli mpya na intaneti ya waya, andika "sudo apt update", halafu "sudo apt install linux-headers-$(uname -r)". Hiyo "uname -r" inataja keneli unayoitumia sasa, hivyo unaletewa karatasi zake hasa. DKMS itafanya kazi yake. Ikigoma, na kadi ni Broadcom kama yangu, ongeza "sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source". Zima, washa. Mimi jirani alinirudishia na furushi zima, "linux-headers-generic-hwe-22.04", ili kila keneli mpya ije na karatasi zake.

Sita, kuna laptopu zenye ulinzi unaoitwa Secure Boot. Hizo zinamkataa dereva asiye na muhuri. Ukiwekewa draiva ukaambiwa utunge neno la siri, likumbuke. Ukiwasha tena utaona skrini ya bluu, chagua "Enroll MOK", ingiza neno lako. Wengi wanaipita wakidhani ni virusi, kisha wanalalamika waifai haiji.

Na kubwa kuliko yote, usifute usichokijua, na usiapdeti usiku wa kuamkia siku ya kazi ya watu. Apdeti zenyewe ni muhimu, zinaziba matundu ya wezi. Ila zipe siku yake, na keneli ya zamani usiifute mpaka uone mpya inafanya kazi.

Mwenye nyumba kapata kodi yake yote. Mwalimu bado anasubiri majibu, nami nasubiri naye. Muvi nimezifuta.

Na wale wenye macho ya umbea wanaotaka kujua habari za jirani, hamtapata kitu. Ni jirani tu. Jana kapita kibarazani, nikageuza kioo kama kawaida yangu. Akaniambia, "Kaka mtu wa Linux, hebu nitajie keneli unayotumia leo."

Nikaandika "uname -r" mbele yake, bila kukosea. Akatabasamu. Safari hii hakupita zake.